Jumuiya Ndogondogo za Ufipa: Sala na Upatanisho Nyumbani kwa Jirani

Jumuiya ndogondogo ya Kikristo ni kundi la familia jirani, kwa kawaida 10 hadi 15, zinazokutana mara moja kwa wiki nyumbani kwa mmoja wao ili kusali, kusoma Injili na kujuliana hali. Katika Jimbo Katoliki la Sumbawanga, ambalo sehemu yake kubwa iko juu ya nyanda za Ufipa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hii ndiyo ngazi ya chini kabisa ya Kanisa. Juu yake kuna kanda na kigango, kisha parokia, kisha jimbo. Kila jumuiya ina mtakatifu anayeisimamia, aitwaye somo, na ina mwenyekiti, katibu na mhazini waliochaguliwa na wanajumuiya wenyewe. Padri si kiongozi wake. Huonekana mara chache, akija kuadhimisha Misa ya jumuiya au sikukuu ya somo.

Wengi huijua jumuiya kwa sala na michango. Kazi yake nyingine, ambayo ni nadra kuingia kwenye daftari la katibu, ni kulinda amani kati ya watu ambao mashamba yao yanapakana, mifugo yao inachungwa pamoja na watoto wao wanasoma shule moja. Hiyo ndiyo kazi inayostahili kuangaliwa kwa makini, hasa Ufipa, ambako jitihada za watu kuishi bila kupigana zilianza kabla Ukristo haujafika huko.

Katika karne ya 19 Ufipa ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizowahi kupigana ingawa watawala wao walikuwa wa ukoo mmoja. Mtawala wa kale wa Milansi, ambaye watangulizi wake walikuwapo kabla ya dola hizo, alibaki na heshima ya mambo ya jadi. Wangoni wa Zwangendaba nao walipita wakivamia, na kiongozi wao akafia huko huko Ufipa katika miaka ya 1840. Hata hivyo, msafiri Mskoti Joseph Thomson alipovuka nyanda hizo mwaka 1880 alikuta wakulima watulivu, wanaolima na kufua chuma. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilishangaa jambo hilo kiasi cha kuliita fumbo: watu waliojua vita na kuvamiwa walifikaje hatua ya kuchukia ugomvi? Alichokiona vijijini ni jamii iliyothamini mno maneno, yaani salamu zisizoharakishwa, mazungumzo ya heshima, na kazi za shamba zinazofanywa kwa kualikana.

Amani hiyo haikuwa bila kivuli. Ugomvi usiosemwa hadharani hugeuka tuhuma, na tuhuma kubwa kuliko zote vijijini ilikuwa uchawi. Mwaka 1968 Willis aliandika kuhusu Kamchape, harakati za kusafisha vijiji zilizoenea Ufipa miaka michache kabla, zenye asili ya mchape wa Malawi wa miaka ya 1930. Wataalamu wa Kamchape waliitwa kijijini, wakazi wakakusanyika, wakachanjwa dawa ya kuwakinga na kuwazuia wasiroge. Aliyekataa alijitia mashakani mwenyewe. Serikali ilipiga marufuku, lakini shauku ya watu ilieleweka. Walitaka kijiji kizima kikae mahali pamoja, kitoe sumu iliyokuwa ndani, kianze upya. Ubaya wake ni kwamba amani ile ililazimu apatikane mwenye hatia, na mara nyingi aliyepatikana alikuwa mzee.

Wakati huo wengi wa Wafipa walikuwa tayari Wakatoliki. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, wakapanda polepole kuelekea nyanda za juu chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917. Mmoja wa watu mashuhuri wa Karema hakuwa padri. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto na kusomea tiba kisiwani Malta, alifika mwaka 1889 na kuwatibu watu wa huko hadi kifo chake mwaka 1956. Mapadri walikuwa wachache, vijiji vilikuwa mbali, na mvua za masika zilifunga njia. Kwa hiyo Jumapili nyingi ibada iliongozwa na katekista. Waumini wa Ufipa walikuwa wamezoea kusali bila padri muda mrefu kabla ya jumuiya kuanzishwa rasmi. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina kuwa Sumbawanga mwaka 1969.

Uamuzi wa kuanzisha jumuiya ulitoka mbali zaidi. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikubaliana Nairobi mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya makundi madogo ya ujirani, na mwaka 1976 wakakutana tena huko huko kuifanya kazi hiyo kuwa kipaumbele. Tanzania ilikuwa na udongo tayari. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wakifanya kazi tangu miaka ya 1960. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliliamini wazo hilo kiasi cha kwenda mwenyewe kuishi katika kijiji cha ujamaa. Nyumba zikiwa karibukaribu, ilikuwa rahisi kusema kwamba familia zinazochota maji kisima kimoja zisali pia pamoja.

Mkutano wenyewe hauna makuu. Sehemu nyingine hufanyika alfajiri kabla ya watu kwenda shamba, kwingine jioni. Mwenye nyumba hutandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo, akaweka msalaba, mshumaa na Biblia. Viti vikiisha, hutolewa vigoda na mikeka. Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga inapouma, wanawake huja wamejifunika vitenge viwili na watoto mgongoni. Anayeingia hutoa salamu, "Tumsifu Yesu Kristo," na waliokaa huitikia, "Milele na milele, amina." Hufuata wimbo, pengine rozari, kisha Injili ya Jumapili inayokuja. Mwishoni huja matangazo: nani anaumwa, nani amefiwa, nani amejifungua, kapu la sadaka limepata kiasi gani, na wiki ijayo ni zamu ya nyumba ipi.

Katika kusoma Injili, jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizotungwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Watu humkaribisha Bwana kwa sala, husoma Injili yenyewe, kisha kila mmoja hutaja neno au kifungu kilichomgusa. Hatua ya nne ni kunyamaza. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema. Baada ya hapo huja kushirikishana, ambako mtu hueleza neno limemwambia nini yeye mwenyewe, bila kuhubiri na bila kumjibu mwenzake. Hatua ya sita huuliza jumuiya itafanya nini wiki hiyo, na ya saba hufunga kwa sala. Aliyehudhuria anajua kwamba hatua ya nne ndiyo inayorukwa kwanza muda ukiwa mfupi. Ni hasara kubwa, kwa sababu mwenye kinyongo hukisikia vizuri zaidi kinyongo chake nyumba ikiwa kimya, naye aliyemkosea ameketi hatua mbili kutoka alipo.

Wakristo wa madhehebu ya Quaker, wanaojiita Marafiki, wamejenga maisha yao yote ya ibada juu ya ukimya wa namna hiyo. Walianza Uingereza katika karne ya 17 wakimfuata George Fox. Katika ibada yao ya asili hakuna padri wala mahubiri yaliyoandaliwa. Watu hukaa kimya wakisubiri, na anayesukumwa na Roho husimama akasema. Hata vikao vyao vya uamuzi havipigi kura: msimamizi husikiliza mpaka mwelekeo wa wote uonekane, na kama hauonekani, jambo huahirishwa. Tangu miaka ya 1660 walitangaza kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote, na mwaka 1947 mashirika yao ya Uingereza na Marekani yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tanzania wana waumini wachache, lakini Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Mizizi yao ni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walikofika wamisionari watatu wa Kimarekani mwaka 1902. Ibada zao Kenya zina nyimbo na mahubiri kama makanisa mengine, ila msimamo wa amani haukupotea. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Marafiki walikutana Kakamega Januari 2008, wakapeleka misaada kwa waliokimbia makwao, wakaunda vikundi vya kusuluhisha majirani waliokuwa wamechomeana nyumba. Rwanda na Burundi, tangu mwaka 2003, wameendesha warsha za siku 3 za kutibu majeraha ya vita, wakiwaketisha chumba kimoja watu wa pande zote mbili. Kinachofanyika humo ni kusikilizana, kulia na kujaribu kuaminiana tena kidogokidogo.

Ufipa haijapata msiba wa namna hiyo, na migogoro yake ni ya kila siku. Mpaka wa shamba umesogezwa wakati wa kulima. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi, jambo lililozidi hasa bonde la Rukwa baada ya wafugaji wa Kisukuma kuhamia huko na makundi makubwa ya mifugo. Ndugu wamegombania urithi. Mkopo wa mbegu haukurudishwa. Na tuhuma za uchawi bado zipo.

Jumuiya inapoingilia kati, mara nyingi huanza kimyakimya. Mwenyekiti, au mama mmoja anayeheshimika, humtembelea kila upande peke yake na kumsikiliza mpaka amalize. Safari ya pili huwakutanisha wawili hao mbele ya wazee wachache tu, si mbele ya jumuiya nzima, kwa kuwa aibu ya hadharani huua upatanisho kabla haujaanza. Aliyekosa hukiri alichokosa kwa jina lake: "nilihamisha alama ya mpaka", wala si "kama nimekukosea". Fidia hutajwa papo hapo, iwe debe la mahindi au siku za kufanya kazi. Siku ya sala, wawili hao hushikana mikono, na wengine huenda wasijue walichosameheana. Msingi wake uko katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, panapoagizwa kwamba mwenye kugombana na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kupatana kwanza. Kwaresima huwa msimu mkubwa wa kazi hiyo, kwani watu wengi hawataki kufika Pasaka wakiwa hawasalimiani.

Nguvu ya njia hii ni kwamba wasuluhishi hawaondoki. Hakimu akishahukumu hurudi mjini, na baraza la kata hushughulikia mambo mengi ya watu wengi. Wanajumuiya watakutana tena wiki ijayo, na ahadi isiyotimizwa itaonekana. Tena hapatafutwi mchawi wa kutolewa kafara. Hapo ndipo jumuiya inapoachana kabisa na Kamchape, ingawa kiu inayotulizwa ni ile ile.

Mipaka yake lazima itajwe waziwazi. Kipigo ndani ya ndoa, ubakaji na ukatili kwa watoto si mambo ya kumalizwa kwa kushikana mikono sebuleni. Hayo ni makosa ya jinai, na mahali pake ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Mwanamke anayeambiwa avumilie ili ndoa ya mfano katika jumuiya isivunjike hajapatanishwa, ameachwa peke yake. Vilevile jumuiya haina mamlaka juu ya jirani Mmoraviani, Mwislamu au asiye na dini. Mgogoro ukivuka mipaka ya Kanisa, busara ni kuwaita viongozi wa upande wa pili wakae pamoja, au kwenda serikali ya kijiji.

Ugonjwa mwingine uko ndani. Katika jumuiya nyingi wanaohudhuria ni wanawake na watoto. Wanaume huonekana siku ya misiba na vijana siku ya kuomba barua ya ubatizo au ndoa, kwa sababu parokia haitoi huduma hizo bila uthibitisho wa jumuiya. Mahali ambapo mkutano umekuwa wa kusoma orodha ya wadaiwa michango, maskini huanza kujificha, na ni vigumu kumpatanisha mtu anayekimbia kudaiwa. Wagomvi wakubwa wa mipaka na mifugo ni wanaume, nao ndio wasiokuwapo.

Anayehamia Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere na anayetaka kujiunga hahitaji barua ndefu. Amuulize jirani wa karibu au katekista ni jumuiya ipi inayosali mtaani kwake na ni siku gani, kisha afike na Biblia yake. Na wanaume walioko tayari kijijini, ambao majina yao yameandikwa daftarini lakini viti vyao viko wazi, waende wiki hii.