Georgia na Armenia: safari ya monasteri za kale katika nchi za mipaka iliyofungwa

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa kumi, mabasi madogo ya watalii huondoka Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, yakielekea Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilometa zisizofika 300, na mtu mwenye haraka anazimaliza kwa siku moja. Lakini makundi haya huchukua wiki nzima au zaidi. Karibu kila bonde na kila mlima wa njiani una monasteri ya mawe, na nyingi kati yake zimesimama hapo kwa miaka zaidi ya 1,000.

Nchi hizo mbili ziko katika milima ya Kaukazi, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Majirani zao ni wakubwa: Urusi, Uturuki na Irani. Zenyewe ni ndogo. Georgia inazidi kidogo tu jimbo la Kivu Kusini kwa ukubwa, na Armenia haifiki hata nusu ya jimbo hilo. Hata hivyo, zinahesabiwa kati ya nchi za kwanza duniani zilizopokea Ukristu kuwa dini ya taifa. Kufuatana na mapokeo, Armenia ilifanya hivyo mwaka wa 301, na Georgia ikafuata katika karne hiyohiyo ya 4, kwa mahubiri ya mwanamke mmoja aitwaye Nino.

Makanisa yao hayako chini ya Roma. Kanisa la Georgia ni la Orthodoksi, na lile la Armenia ni la undugu mmoja na Wakopti wa Misri na Wakristu wa Ethiopia. Kila taifa lina lugha yake na alfabeti yake, isiyofanana na nyingine yoyote. Ndiyo sababu watalii wengi huchukua mwongozaji: bila yeye, hata kibao cha barabarani ni vigumu kukisoma.

Kitambaa cha kichwa mlangoni

Siku ya kwanza, makundi mengi huanzia Mtskheta, mji mkuu wa zamani, mwendo mfupi kutoka Tbilisi. Juu ya kilima, pale mito miwili ya Aragvi na Mtkvari inapokutana, kuna monasteri ya Jvari, jina linalomaanisha «msalaba». Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7. Chini mjini kuna kanisa kuu la Svetitskhoveli, la karne ya 11, ambamo Wageorgia wanaamini vazi la Yezu Kristu lilizikwa.

Hapo ndipo waongozaji huwakumbusha wageni kwamba hawakuja kutazama majengo matupu. Wanawake wanaombwa kujifunika kichwa na kuvaa sketi, wanaume wanaombwa kuacha kaptula. Kwenye milango ya makanisa mengi vitambaa huwekwa tayari kwa ajili ya wale waliosahau. Ndani, mtalii anapiga picha huku mama mzee kando yake akiwasha mshumaa na kuomba kwa ajili ya mtoto mgonjwa.

Katika miaka ya utawala wa Kisovieti hali haikuwa hivyo. Monasteri nyingi zilifungwa, nyingine zikageuzwa kuwa makumbusho au maghala. Wamonaki walianza kurudi kwa wingi nchi hizi zilipopata uhuru wake mwaka wa 1991. Kwa hiyo jengo linaweza kuwa na miaka 900, lakini wamonaki wanaoliishi leo ni kizazi cha kwanza au cha pili baada ya kimya kirefu.

Kaskazini, barabara inapanda milima hadi Stepantsminda, karibu na mpaka wa Urusi. Kanisa la Utatu la Gergeti, la karne ya 14, liko pale juu peke yake, kwenye mita zaidi ya 2,100, na nyuma yake mlima Kazbek, wenye mita zaidi ya 5,000, umefunikwa na theluji. Waongozaji wanaeleza kwamba nyakati za hatari, mali takatifu za Mtskheta zililetwa kufichwa huku, mbali na majeshi yaliyovamia nchi.

Monasteri iliyokatwa na mpaka

Shida ya leo inaonekana zaidi upande wa mashariki. Katika nchi kavu isiyo na miti, kuna David Gareja, mkusanyiko wa monasteri zilizochongwa ndani ya miamba. Zilianzishwa katika karne ya 6 na mtawa Daudi, mmoja wa wale mapadre 13 ambao mapokeo yanasema walitoka Siria. Kwenye kuta za mapango kuna picha za watakatifu zilizochorwa tangu karne nyingi.

Wakati wa Wasovieti, jeshi lilitumia eneo hilo kwa mazoezi ya kupiga mizinga, hadi wanafunzi wa Georgia wakaandamana mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini Wasovieti waliacha tatizo lingine. Mpaka uliochorwa kati ya jamhuri mbili za nchi moja ulipita juu ya kilima chenyewe. Wakati ule haikusumbua mtu. Baada ya 1991, mstari ule wa ramani ukawa mpaka wa mataifa mawili, Georgia na Azabajani, na sehemu ya monasteri ikajikuta upande wa pili.

Georgia ilipendekeza kubadilishana ardhi. Azabajani ilikataa, ikisema vilele hivyo ni muhimu kwa usalama wake. Mwaka wa 2019 walinzi wa mpaka wa Azabajani walifunga njia ya kwenda mapango ya juu, yaitwayo Udabno, ambamo kuna michoro inayosifiwa sana. Tangu hapo, mtalii anaonyeshwa monasteri ya chini, kisha mwongozaji ananyoosha mkono kuelekea juu na kueleza kwa maneno kile ambacho macho hayawezi kufikia.

Kuvuka kwenda Armenia

Mpaka kati ya Georgia na Armenia uko wazi. Makundi mengi huvukia Sadakhlo, wanapigiwa muhuri kwenye pasipoti, mara nyingine wanabadilisha basi na mwongozaji, kisha wanaingia katika bonde la mto Debed. Huko kuna Haghpat na Sanahin, monasteri mbili za karne ya 10, zinazotazamana kutoka vilima viwili. Zote ziko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hazikuwa mahali pa sala tu: zilikuwa shule, maktaba na mahali pa kunakili vitabu. Kijiji cha Sanahin kina sifa nyingine pia. Ndipo alipozaliwa Artem Mikoyan, mmoja wa waliobuni ndege za kivita za MiG, na moja ya ndege hizo imewekwa mbele ya makumbusho ya familia yake.

Kutoka hapo safari inafika Ziwa Sevan, lililo kwenye mita karibu 1,900 kutoka usawa wa bahari, juu zaidi ya Ziwa Kivu. Monasteri ya Sevanavank ilianzishwa mwaka wa 874 juu ya kisiwa. Leo watalii wanafika kwa miguu. Katika karne ya 20, maji ya ziwa yalitumiwa sana kwa kumwagilia mashamba na kutengeneza umeme, yakashuka karibu mita 20, na kisiwa kikaungana na nchi kavu. Ni fundisho ambalo wakaaji wa kando ya maziwa wanalielewa bila maelezo mengi.

Karibu na Yerevan, monasteri ya Geghard imechongwa nusu ndani ya mlima. Jina lake linamaanisha «mkuki», kwa sababu kwa muda mrefu ilitunza mkuki ambao Waarmenia wanaamini ndio uliomchoma Yezu ubavuni msalabani. Kanisa lake kubwa lilijengwa mwaka wa 1215. Mara nyingi kikundi cha waimbaji huingia katika chumba cha ndani, na sauti nne au tano tu zinajaza mwamba mzima, hata watu waliokuwa wakizungumza wananyamaza wenyewe. Kila mahali kuna khachkar, mawe yaliyochongwa misalaba kama kazi ya ususi, na hakuna mawili yanayofanana kabisa.

Kitabu cha kilo 28

Mjini Yerevan, waongozaji huwapeleka wageni Matenadaran, nyumba inayotunza maelfu ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Alfabeti ya Kiarmenia iliundwa na mtawa Mesrop Mashtots mwaka wa 405, na wamonaki waliinakili kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kitabu kizito kuliko vyote humo kina uzito wa karibu kilo 28. Kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 13 na kilitunzwa Mush, mji ulio leo nchini Uturuki. Mwaka wa 1915, Waarmenia wa Dola ya Osmani walipouawa na kufukuzwa kwa mamia ya maelfu, inasimuliwa kwamba wanawake wawili walikikuta katika magofu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kukibeba peke yake, walikigawa sehemu mbili, kila mmoja akabeba nusu yake. Mmoja alifika Armenia na nusu yake. Mwingine alifia njiani baada ya kufukia nusu yake, ambayo baadaye ilipatikana. Nusu hizo mbili zimeunganishwa tena.

Armenia na nchi nyingine nyingi zinaita matukio hayo mauaji ya kimbari. Uturuki inalikataa jina hilo. Monasteri na makanisa mengi ya Waarmenia yalibaki upande wa Uturuki, kama vile mji wa kale wa Ani, ambao magofu yake yanaonekana kwa macho kutoka upande wa Armenia, ng'ambo ya mto.

Zile zisizo tena katika ratiba

Kusini mwa nchi, watalii hupanda Noravank, katikati ya miamba myekundu, kisha Tatev, monasteri ya karne ya 9 iliyokuwa pia chuo kikuu katika karne ya 14. Tangu mwaka wa 2010, wageni wanafika Tatev kwa gari la kamba linalovuka bonde la Vorotan kwa urefu wa kilometa 5.7.

Lakini kuna monasteri ambazo kampuni za utalii za Yerevan zimeziondoa katika ratiba. Dadivank ni mojawapo. Baada ya vita vya mwaka wa 2020, eneo lake lilirudishwa mikononi mwa Azabajani. Mwezi wa Septemba 2023, Azabajani iliteka sehemu iliyobaki ya Nagorno-Karabakh, na Waarmenia zaidi ya 100,000 walikimbia kwa siku chache. Azabajani inasema kwamba makanisa ya huko ni urithi wa Waalbania wa Kaukazi, taifa la kale lililotoweka, si wa Waarmenia. Waarmenia wanaonyesha maandishi ya lugha yao yaliyochongwa ukutani. Kila upande unajua kwamba anayetambuliwa kuwa mwenye jiwe atadai pia ardhi iliyo chini yake.

Tarehe 8 Agosti 2025, Armenia na Azabajani ziliweka alama za kukubali maandishi ya mkataba wa amani mjini Washington, mji uleule ambamo Kongo na Rwanda zilitia sahihi makubaliano yao tarehe 27 Juni mwaka huohuo. Kwa wakaaji wa pande zote mbili, kazi ni moja: kutazama kama karatasi itafika hadi kijijini.

Msomaji wa Masisi hahitaji kwenda Kaukazi ili kuelewa. Monasteri ya Watrappisti ya Mokoto si ya kale kama zile za Armenia, lakini nayo iliwapokea waliokimbia, na vita vya mwaka wa 1996 viliwalazimisha wamonaki wake kuiacha. Huko pia watu walijifunza kwamba kuta za nyumba ya sala hazizuii silaha, na kwamba kinachorudisha uhai baadaye ni watu wanaokubali kurudi.

Makundi mengi humalizia safari Khor Virap. Hapo, kufuatana na mapokeo, Mtakatifu Gregori alifungwa ndani ya shimo miaka 13 kabla ya kumbatiza mfalme aliyemtesa. Wageni wenye nguvu hushuka ndani ya shimo hilo kwa ngazi ya chuma. Wakitoka nje, mbele yao kuna mlima Ararat, wenye mita zaidi ya 5,100. Umechorwa kwenye nembo ya taifa la Armenia, lakini uko Uturuki, na mpaka ulio chini ya monasteri umefungwa tangu mwaka wa 1993. Mwezi wa Februari 2023, tetemeko la ardhi lilipoua maelfu ya watu Uturuki, malori ya msaada kutoka Armenia yaliruhusiwa kuvuka daraja la Margara kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30.

Chini ya kuta za Khor Virap, wachuuzi hukodisha njiwa. Mtalii analipa, anashika njiwa mikononi, kisha anamwachilia kuelekea mlima. Njiwa anaruka juu, anazunguka kidogo, halafu anarudi kwa mwenyewe kumsubiri mgeni mwingine.