Sanamu Kati ya Kondoo
Yorkshire Sculpture Park, bustani ya sanamu iliyofunguliwa Uingereza mwaka 1977, ina eka zipatazo 500, na kondoo hula majani kando ya kazi za shaba za mchongaji Henry Moore. Wapo wanaodai kwamba ziara ya shule kwenye bustani kama hiyo, ya kujifunza sanaa pamoja na sayansi, humlia mwanafunzi muda wa mtihani, na kwamba sanaa na sayansi zikichanganywa zote hupwaya. Sikubaliani nao. Shaba ikipigwa na mvua miaka mingi hugeuka kijani: hiyo ni kemia, tena ya kuonekana kwa macho. Mtoto anayeizunguka sanamu ili aichore hulazimika kutazama kwa utulivu, na jicho lililozoea utulivu huo ndilo litakaloona kuvu kwenye gome la mti. Nauli ya basi ndiyo hoja nzito. Shule isiyo na nauli hiyo ianzie kwenye mwembe wa uani.