Mtoto Hatulii Darasani? Weka Fimbo Chini Kwanza!

Kila darasa lina wake. Mwalimu anageukia ubao, yeye keshafika dirishani. Penseli ya kwanza kapoteza asubuhi, ya pili saa nne. Swali halijaisha, keshajibu. Shule nzima inamjua: mtukutu, kichwa maji, eti ana mapepo. Dawa yake? Fimbo.

Jamani, tusikurupuke. Wapo watoto ambao ubongo wao unapata shida kushika jambo moja kwa muda mrefu. Madaktari wanaiita hali hiyo ADHD. Si utovu wa adabu, wala mama hakukosea kulea. Tena si habari ya jana. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza wenzake mjini London habari za watoto wenye akili zao lakini wanaoshindwa kujizuia.

Ila si kila mtoto mchangamfu anayo. Daktari huangalia kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana shuleni na kwingineko pia, kama nyumbani. Anayehangaika darasani tu, huenda haoni ubao, hasikii vizuri, au ana njaa.

Sasa mwalimu mwenye watoto 80 afanyeje? Mengine hayahitaji hata senti. Mkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Mpe agizo moja moja, si matano kwa mpigo. Hesabu 10 zigawe: afanye 5, usahihishe, kisha 5 nyingine. Akianza kuhangaika, mtume akalete chaki au afute ubao. Akifanya vizuri msifu pale pale, usingoje mwisho wa muhula.

Na fimbo je? Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Lakini hata hivyo 4 havimfundishi kutulia. Vinamfundisha kuchukia shule, na anayeichukia shule utamkuta kituo cha daladala saa nne asubuhi.

Wewe dada, kaka au shangazi unayeishi naye, nenda kaongee na mwalimu wake wiki hii hii. Michael Phelps wa Marekani aligundulika ana ADHD akiwa na miaka 9. Akaja kuzoa medali 28 za Olimpiki kwenye kuogelea. Na wewe mtafutie wako bwawa lake.