Je, Wajua? Mchina aliyewajengea Waislamu msikiti

Tjong A Fie alizaliwa Meixian, kusini mwa China, mwaka 1860, akamfuata kaka yake hadi Medan, kisiwani Sumatra. Huko alitajirika kwa mashamba makubwa na benki. Mwaka 1911 Waholanzi, waliokuwa wakitawala huko, walimpa cheo cha Meja wa Wachina. Cha jeshi? Wapi! Kazi ilikuwa kusuluhisha ugomvi na kuwasemea Wachina wenzake serikalini. Hakuwa Mwislamu, lakini msikiti wa Gang Bengkok aliujenga yeye: rangi ya manjano na kijani ya Wamalay, paa lenye sura ya hekalu la Kichina. Hata saa ya jumba la zamani la halmashauri ya mji ni zawadi yake. Alifariki 1921. Nyumba yake mtaani Kesawan sasa ni makumbusho.