Kiruna, muji unaohama: senta mupya ilikawia miaka 18

Mutu wa Kolwezi hahitaji kufundishwa namna nyumba inaweza kukaa juu ya mali. Union Minière ilianzisha muji mwaka wa 1937 kwa sababu ya shaba, na mpaka leo shaba iko chini ya barabara na chini ya vitanda vyetu. Kule Kasulo, kuanzia 2014, watu walichimba kobalti ndani ya malupango yao wenyewe. Kiisha, mwaka wa 2017, sehemu ya kartié ikabomolewa na kuzungushiwa ukuta. Upande wa Cité Gécamines, karieri inakaribia milango. Basi kila jamaa inajua ile hali ya katikati: unataka kubadilisha mabati, unajiuliza, nibadilishe, ao watanihamisha? Mwaka unapita. Mabati yanavuja.

Kuko muji mwengine wenye shida ya namna ileile, mbali sana, kwa Bulaya. Tunaandika habari yake leo si kwa kusema kule ni mbinguni. Hapana. Hata kule, pamoja na makuta yote ile, mambo ilikawia.

Muji unaitwa Kiruna, ndani ya inchi ya Uswidi (Suède), kaskazini kabisa, fasi ambapo wakati wa baridi kali jua halipande hata kidogo kwa majuma kadhaa. Ni muji mudogo, wa watu kama 18 000. Unaishi kwa chuma. Kampuni inayochimba inaitwa LKAB, ilianzishwa mwaka wa 1890, na leo ni mali ya serikali. Muji wenyewe ulizaliwa mwaka wa 1900, kwa ajili ya wafanyakazi wa mugodi. Nyumba, shule, kanisa, vyote vilifuata mugodi, kama kwetu.

Zamani walichimba karieri ya wazi. Kuanzia miaka ya 1960 kazi yote ikaingia chini ya ardhi, na sasa ngazi kubwa ya kazi iko mita 1 365 chini. Usiku, kisha saa saba, wakati wafanyakazi wametoka, baruti inapigwa, na watu juu wanasikia vitanda vikitetemeka. Wamezoea. Mutoto wa Kiruna anageuka upande mwengine na kulala.

Shida ni hii: chuma cha Kiruna hakisimame wima. Kimelala upande, kinashuka kikielekea chini ya muji. Wakitoa madini, mawe ya juu yanaanguka kujaza pengo, na nyufa zinapanda pole pole mpaka juu. Baba yeyote aliyefanya kazi chini ya ardhi Kipushi ao Kamoto anaelewa bila kuchorewa. Kadiri wanavyoshuka, ndivyo nyufa zinavyosogea kwenye manyumba.

Mwaka wa 2004, LKAB iliandikia baraza la muji barua: ili kazi iendelee, senta ya muji inapaswa kuhama. Barua moja tu. Hakuna nyumba iliyoanguka ile siku, hakuna mutu aliyekimbia. Lakini tangu pale kila mwenye duka, kila mwenye nyumba katikati ya muji, alijua kwamba fasi yake imeisha. Hakujua lini.

Kwanza baraza lilichagua kupeleka muji kaskazini-mangaribi. Walipima, walichora, walibishana. Mwaka wa 2011 wakabadilisha: senta mupya itakuwa mashariki, karibu kilomita tatu. Vile mashindano ya wachoraji wa ramani yalipata mushindi mwaka wa 2013, miaka tisa ilikuwa imeisha kupita tangu barua. Nyumba mupya ya serikali ya muji ilifunguliwa mwaka wa 2018. Ile ya zamani, ya mwaka wa 1963, ikabomolewa, munara wake wa saa tu ndio ulihamishwa. Senta mupya, na maduka na kiwanja chake, ilizinduliwa mwezi wa 9 mwaka wa 2022. Hesabu: miaka 18. Mutoto aliyezaliwa mwaka wa barua alikuwa amefika umri wa kupiga kura.

Watu wanaohesabu hasara ya muji unaohamishwa wanahesabu matofali. Kwa maoni yangu, hasara kubwa inalala ndani ya ile miaka ya kungoja. Nani ataweka jiko mupya ndani ya nyumba iliyohukumiwa? Mwenye duka atakopa makuta gani ya kupanua biashara, kama hajui wateja watakuwa wapi kisha miaka mitano?

Lakini kuko kintu kimoja ambacho watu wa Kiruna walikuwa nacho mukononi wakati wa kungoja: bei. Sheria ya madini ya Uswidi inalazimisha kampuni kulipa uharibifu inaoleta. Mwenye nyumba akapewa kuchagua: kujengewa nyumba ya namna ileile, ao kulipwa bei ya soko na kuongezewa asilimia 25 juu yake. Hakujua siku, lakini alijua hesabu.

Kwa wapangaji ilikuwa ingine. Nyumba za zamani zilikuwa za bei ndogo. Ghorofa mupya ni muzuri, ni ya joto, na bei yake iko juu. Kampuni inapunguza mwanzoni, kisha kodi inapanda. Mwenye nyumba anahama na karatasi. Mupangaji anahama na sanduku. Ile, hata kwetu tunaijua.

Kwetu, Kodi ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka wa 2018 inasema pia kwamba anayehamisha watu kwa ajili ya mugodi anapaswa kuwalipa na kuwapatia makao. Maandiko iko. Lakini mwezi wa 9 mwaka wa 2023, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya Kolwezi, ambamo wakaaji walisema kwamba hawakuulizwa vizuri na kwamba makuta waliyopewa hayakutosha kununua nyumba ya namna ya ile waliyoacha. Asilimia 25 juu ya bei ya soko, wapi! Wengine walikuwa wakitafuta bei ya soko yenyewe.

Mwezi wa 8 mwaka wa 2025, Kiruna ilionekana dunia nzima. Kanisa lao la mbao, la mwaka wa 1912, lenye uzito wa tani 672, liliinuliwa zima, likawekwa juu ya mashini ya magurudumu mingi, na kutembezwa kilomita tano kwa siku mbili. Walipanua barabara ili lipite. Televisheni ya inchi ilionyesha safari yote, saa kwa saa, na watu wakatazama kanisa likitembea pole kuliko muzee na fimbo yake. Mufalme mwenyewe alifika. Ilikuwa kama mwisho wa habari, sherehe ya kufunga mulango.

Haikuwa mwisho. Siku chache tu kisha ile sherehe, LKAB ilitangaza kwamba nyufa zitafika mbali zaidi: watu wengine 6 000 watapaswa kuhama, na manyumba yao kama 2 700. Ndani yao kuko watu waliokuwa wametazama wenzao wakihama, wakijua kwamba wao wamebaki salama. Sasa nao wanaanza kungoja, na kazi itachukua miaka mingine kama kumi.

Na gari la moshi? Reli ya zamani ilipita fasi ambapo ardhi inakatika, kwa hiyo wakaihamisha mbele ya muji wenyewe. Mwaka wa 2013 wakajenga stesheni ya kwa muda, inje ya muji. Senta mupya ilipofunguliwa, kisha miaka tisa, musafiri aliyefika Kiruna bado alikuwa anashuka kwenye ile stesheni ya kwa muda, kiisha anapanda basi.