Muziki Unaoamshwa kwa Nyayo

Kwa desturi, mpigaji wa muziki ndiye atendaye, na msikilizaji hukaa kimya. Iko sanaa iliyoupindua utaratibu huo: mtu aingiapo chumbani sauti huamka, na atokapo hunyamaza, wala hakuna mpigaji aonekanaye. Sanaa hiyo yafaa ijulikane majumbani, kwani baadhi ya vyombo vyake tunavyo makabatini, tumevisahau.

Mwaka 1920 fundi wa Kirusi, Leon Theremin, alibuni ala ipigwayo bila kuguswa, mikono ikipunga hewani tu. Katika miaka ya 1980 David Rokeby wa Kanada alitumia kamera na kompyuta kugeuza miondoko ya mwili kuwa sauti. Mwaka 2011, mjini Montréal, ziliwekwa bembea 21 zenye kutoa muziki. Tuni nyingine hazikupatikana mpaka wabembeaji washirikiane.

Chombo kidogo cha muziki nacho kina historia yake. Sony ya Japani ilitoa Walkman mwaka 1979, na Apple ya Marekani ikatoa iPod mwaka 2001. Leo vyombo vingi vya namna hiyo vimelala bila kazi, ilhali vingali vizima.

JICHO LA MLINZI

Ili chombo kiamke chenyewe, sharti kipewe kihisi. Ndugu zetu walio katika kazi ya ulinzi wanakifahamu kimoja, kwani ndicho kile kile kiamshacho king'ora usiku: hutambua joto la mwili wa mtu apitaye mbele yake. Lakini kina udhaifu wake. Mtu asimamaye tuli hakimwoni. Na hewa ya mchana ikikaribia nyuzi 37, ambazo ndizo joto la mwili, uwezo wake hupungua. Kwa mlango au kasha, swichi ya sumaku ni rahisi na ya kuaminika zaidi.

Kihisi kisiunganishwe moja kwa moja na kitufe cha chombo, maana umeme wake waweza kukiunguza. Kati yao huwekwa rilei, yaani swichi inayofungwa kwa nguvu ya umeme, ifanye kazi ya kidole kibonyezacho.

PALIPO NA UGUMU

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Katika vyombo vingi, kitufe kinachoanzisha muziki ndicho kinachousimamisha. Mgeni wa kwanza huuamsha. Wa pili, apitapo, huuzima bila kukusudia. Tena chombo kikikaa bila kazi hujizima ili kulinda betri, na mgeni wa asubuhi hukuta kimya. Naye hudhani kosa ni lake, akaondoka kwa haya, asirudi tena.

Dawa ni kuweka kati kompyuta ndogo, kama Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, ikumbuke kama muziki unaendelea, isibonyeze mara ya pili. Njia nyepesi zaidi ni kutumia kibao cha kisasa kama DFPlayer Mini, kinachosoma kadi ya kumbukumbu, na chenye pini inayoonyesha kama sauti ingali inapigwa.

Afunguaye chombo cha zamani ajihadhari na betri ya lithiamu: ikitobolewa yaweza kuwaka moto. Na kazi yote ifanywe kwa umeme wa betri, si wa ukutani.

KWA MATUMIZI YA NYUMBANI

Sanaa hii si ya majumba ya makumbusho pekee. Baba anayekwenda kazini kwa miezi kadhaa aweza kurekodi salamu, hadithi au wimbo, na kuuweka ndani ya kasha lenye swichi ya sumaku kifunikoni. Mtoto afunguapo, husikia sauti ya baba, afungapo, hunyamaza. Lakini salamu hiyo ijaribiwe mara nyingi kabla ya safari, kwa kuwa mtoto akifungua kasha akakuta kimya, hatajua kwamba ni betri iliyokwisha.