Draya, Kamba na Luku

Masika haya nilifanya jambo ambalo hakuna muuzaji wa mashine atakayekufanyia dukani: nilizipima nguo kwa mizani. Sare za watoto, mashati, kanga na mataulo mawili, jumla kilo 5 zikiwa kavu. Zilipotoka kwenye mashine ya kufulia, inayokamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, zilikuwa na kilo 8. Kilo 3 zilizoongezeka ni lita 3 za maji, na hesabu yote ya draya huanzia hapo.

Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu uniti 0.7 za umeme. Draya ya kawaida hupoteza sehemu ya joto lake, kwa hiyo piga uniti 1 kwa lita. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya Tanesco, kama shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, mzigo wangu unakula shilingi 1,070 hivi. Nguo hizohizo zikikamuliwa kwa mikono hubaki na maji yanayokaribia uzito wake, yaani lita 5, na luku itapungua kwa shilingi 1,780. Kuzikamua tena kwa mashine dakika kumi hakumalizi hata sehemu ya kumi ya uniti. Mwenye mashine ya matangi mawili, ile yenye tangi dogo la kukamulia pembeni, tayari ana kikaushio cha bei rahisi kuliko vyote, na mara nyingi hajui.

Madukani utakutana na aina tatu. Ya kwanza huvuta hewa ya chumbani, huipasha kwa hita, huipitisha kwenye nguo na kuitupa nje kwa bomba. Ya pili, ya kondensa, haina bomba: huupoza mvuke na kukusanya maji kwenye tangi unalolimwaga mwenyewe. Zote mbili zinakula umeme karibu sawa, ila ya kondensa humwaga joto chumbani. Ukiifungia kwenye stoo ya Sinza mwezi Machi, saa mbili zinageuka tatu kwa sababu hewa inayotakiwa kupoza mvuke nayo ni ya moto. Ya tatu ni ya pampu ya joto. Inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: joto halitupwi, linarudishwa kwenye pipa. Mzigo wa lita 3 unaweza kuishia uniti 1.2, kama shilingi 430. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini haiunguzi nguo.

Je, ulipe zaidi kwa ajili ya pampu? Tuseme imezidi bei ya kondensa kwa laki nane. Unaokoa kama shilingi 640 kwa mzigo. Ukikausha mizigo minne kwa wiki mwaka mzima, unaokoa takribani shilingi 133,000, na laki nane zinarudi baada ya miaka sita. Ukiitumia wakati wa masika tu, wiki 13, unaokoa kama 33,000, na hapo unazungumzia miaka 24. Mashine haitafika huko. Kwa nyumba ya Dar es Salaam yenye baraza na jua la Juni hadi Oktoba, pampu ya joto naiona anasa. Kwa mwenye ghorofa isiyo na mahali pa kuanika, au mwenye nyumba ya wageni inayofua mashuka kila siku, ni tofauti kabisa.

Kuna gharama nyingine ambayo haijabandikwa kwenye mashine. Wateja wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 60 ikiongeza mizigo 16 ya uniti 3, inafika 108. Ukihamishiwa bei ya kawaida, zile uniti 60 za taa, friji na feni peke yake zinapanda kwa shilingi 14,000 kwa mwezi. Draya hapo imekuongezea bei hata ya taa ya chooni.

Kamba nayo si bure kabisa. Nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani hutagiwa mayai na yule nzi ambaye funza wake huingia chini ya ngozi, ndiyo maana bibi zetu hawakuvaa hata soksi bila kuipiga pasi. Pasi inakula umeme. Bado gharama yake ni ndogo kuliko ya draya.

Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja siipendekezi. Inayofua kilo 8 mara nyingi hukausha 5 tu, hivyo unatoa sehemu ya nguo katikati ya kazi. Tena nyingi hupoza mvuke kwa maji ya bomba. Mtu anayenunua maji ya boza anakausha nguo kwa maji!

Na wale ndugu zetu wanaotuma draya kutoka Marekani kwenye kontena: mapipa ni makubwa, yanavutia, lakini mota yake kwa kawaida ni ya volti 120 na hezi 60, hita volti 240. Ukiichomeka kwetu jinsi ilivyo, mota inaungua. Transfoma itarekebisha volti, haitarekebisha hezi. Iache kwa jirani huko Ohio.

Draya ya kwetu ya wati 2,500 inataka soketi yake yenyewe ukutani. Ukiichomeka pamoja na mashine ya kufulia ya wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, unavuta karibu ampea 20 kwenye plagi ya ampea 13. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiziache nguo ndani: pipa limesimama likiwa na joto, na ile hatua ya mwisho ya kupoza haijafanyika. Zitoe, zikung'ute, zitandaze. Vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya alizeti visiingie kabisa. Mafuta yaliyobaki kwenye pamba yenye joto, yakilundikwa, huendelea kujipasha yenyewe hadi moto uwake.

Sasa matengenezo, ambako pesa nyingi hupotea bila sababu. Draya ikizunguka, ikapata joto, lakini nguo zikatoka na unyevu, mara nyingi haijaharibika. Imekosa pumzi. Chujio la nyuzi husafishwa kila mzigo, si kila wiki. Kisha limwagie maji ya bomba: yakisimama juu yake kama kwenye sahani, limefunikwa na utando wa dawa ya kulainisha nguo, lisugue kwa brashi na sabuni, likauke. Utando huohuo hufunika vile vibati viwili vya kihisi unyevu ndani ya pipa, mashine ikadhani nguo zimekauka na kuzima mapema. Kwenye kondensa, taa ya tangi ikiwaka na tangi ni tupu, tafuta nyuzi kwenye boya au pampu ndogo ya maji.

Ikizunguka bila joto kabisa, fundi apime fyuzi ya joto kabla ya kugusa hita. Fyuzi hiyo ni ndogo na rahisi, ila huungua kwa sababu njia ya hewa imeziba. Akibadilisha bila kusafisha njia ya hewa, atarudi mwezi ujao na utamlipa tena. Mota ikiunguruma na pipa halizunguki, mara nyingi mkanda umekatika. Hayo yote yanastahili kutengenezwa. Kwa pampu ya joto, gesi ikivuja au kompresa ikifa, tafuta fundi wa friji, sio wa hita, na uliza bei ya mashine mpya kabla hajafungua boksi lake.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini aliambiwa na fundi kwamba hita ya draya yake imekufa. Akalipa, ikawekwa mpya, nguo zikaendelea kutoka na unyevu. Nilipozunguka nyuma ya nyumba niliona ameziba mdomo wa bomba kwa wavu wa dirisha, kuzuia panya. Wavu ulikuwa umegeuka godoro la nyuzi, nene kama kidole. Tulikata wavu, tukaweka kifuniko cha vibapa vinavyofunguliwa na hewa yenyewe na kujifunga ikisimama. Panya hawajarudi. Ile hita ya zamani bado anayo kwenye droo. Tuliipima kwa mita, nzima.